Simu Iliyokubali Kila Kitu

Nianze kwa kukiri: likizo iliyopita niliifundisha simu ya mama kusema ndiyo kwa kila mtu, kisha nikaenda zangu ziwani kuogelea.

Mama anauza viazi. Anavipokea hapa Gisenyi vikitoka Mudende, asubuhi anavuka navyo mpaka wa nchi na wanawake wenzake, na kufikia saa tatu wateja wake wa Goma wameshaanza kumenya. Kazi yenyewe sikuwa na ugomvi nayo. Ugomvi wangu ulikuwa ile sauti. Kila alfajiri mama aliwatumia wateja ujumbe wa sauti, mmoja baada ya mwingine: umeamukaje, goti inaendelea aje, kikohozi ya mutoto imeisha, paa mulishatengeneza, bon, leo unataka mifuko ngapi? Dakika nne nzima kwa mfuko mmoja wa viazi! Nami nalala chumba cha pili, ukuta ni mbao tu. Nilikuwa nayajua magoti ya Goma nzima.

Basi nikamshawishi. Nikamwambia mama, dunia inakimbia, we bado uko unasalimia. Kuna application ya wafanyabiashara, ukiiwekea jibu inajibu yenyewe, saa yoyote, haichoki. Akaniangalia kama mtu anayeuziwa saa ya dhahabu barabarani. Lakini msomi wa nyumba ni mimi, na wote wanalijua hilo kwa sababu nawakumbusha kila siku. Akakubali tujaribu wiki moja. Mimi ningebaki na simu kubwa, yeye angevuka na ile ndogo yenye tochi, jioni ningemsomea oda.

Nikaandika jibu kwa Kiswahili cha Goma, wasije wakashtukia mashine: "Ndiyo mama, iko, tena ya kwanza. Karibu sana." Mwishoni nikapachika visura vitatu vinavyocheka, ili biashara ichangamke.

Ilikuwa raha ajabu. Ti, ti, ti, simu haikunyamaza. Viazi iko? Ndiyo mama. Utavuka mapema? Ndiyo mama. Nami nimejilaza juu ya mchanga, nywele zinadondosha maji, nafanya biashara ya kimataifa. Rafiki zangu niliwaambia waniite mkurugenzi. Ujumbe mfupi niliusoma. Wa sauti niliuruka, maana nani ana dakika nne?

Siku ya tatu mama alirudi na mfuko mmoja ukiwa umeshonwa vilevile ulivyoondoka. Mwenye mgahawa wa karibu na soko, yule tunayemwita tantine kwa heshima, alikuwa amekataa kuupokea. Hakugombana naye. Alimwambia tu aende akaulize simu yake.

Mama akanyoosha mkono, nikampa simu. Akabonyeza sauti ya tantine, ile niliyokuwa nimeiruka, nasi sote nyumbani tukasikia:

"Mudogo wangu, watu wananiambia viazi kubwa unapelekeaka ule wa mugahawa ya ngambo ya barabara, mi unaniletea zenye zinabakia. Mi nimekatala kuamini. Niambie we mwenyewe, ni kweli?"

Chini yake, dakika ileile: Ndiyo mama, iko, tena ya kwanza. Karibu sana. Na visura vitatu vinacheka.

Nilitamani mama awe hajui kusoma. Anajua.

Hakunipiga, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Aliketi juu ya mfuko, akaniambia polepole kwamba alipoanza kuvuka, kabla sijazaliwa, hakuna mtu wa Goma aliyemjua, ila mwanamke huyo alinunua viazi vyake. Tangu siku hiyo hajawahi kufungua mfuko wa mama kukagua. Anaupokea umefungwa, anauingiza ndani, basi. Hakuna mteja mwingine anayemfanyia hivyo. Kesho yake, akasema, tungekwenda wote wawili, na maneno ningeyasema mimi.

Nina miaka kumi na saba na kitambulisho cha kuvukia mpaka ambacho bado kinanukia upya, kwa hiyo sikuwa na kisingizio. Nilivuka na mfuko kichwani, shingo imezama mabegani, huku nikifanya mazoezi ya hotuba nzuri mno yenye utangulizi.

Tantine alisimama mlangoni na upawa mkononi. Hotuba ikayeyuka. Nilichoweza kutoa ni kwamba si mama aliyejibu, ni mimi, yaani si mimi, ni simu.

"Simu gani inasemaka yenyewe?"

Nikamwomba atume chochote. Akaleta simu yake karibu na mdomo, macho yakiwa kwangu.

"Huyu mutoto yako ni mujinga?"

Ti, jibu likaingia kwenye simu yake. Nikamsomea kwa sauti: "Ndiyo mama, iko, tena ya kwanza. Karibu sana."

Mtu mmoja ndani alipaliwa na wali. Tantine hakucheka. Akauliza kama mtoto huyo achapwe. Ndiyo mama. Fundi wa pikipiki aliyekuwa akila karibu na dirisha akaomba naye aulize: je, leo atakula bure? Ndiyo mama, karibu sana. Hapo mgahawa wote ukalipuka, na tantine akashika fremu ya mlango, akaketi kwenye kizingiti, akifuta machozi kwa kitenge.

Kisha mama akaketi kando yake. Wakashikana mikono wakaongea: goti, kikohozi, paa. Viazi vilikuja mwisho kabisa. Zilipita zaidi ya dakika nne, na mkurugenzi hakuruka hata moja. Walipomaliza, tantine aliinuka, akaukamata mfuko masikioni, akauburuta ndani bila kuufungua. Mama aliinamisha kichwa akijifanya anatafuta kiatu.

Mimi nilipewa kisu. Nilimenya hadi saa nane, na katika kumenya nikaona mambo: kuna mteja anayekuja ili ataniwe, kuna anayetaka anyamaziwe mpaka amalize chai, na tantine anawajua wote bila application. Fundi alilipa. Alinuna kidogo.

Tulipokuwa kwenye foleni ya mpakani tukirudi, simu kubwa ikalia tena ndani ya kitenge cha mama. Ni shangazi yangu wa Kanama, kwa sauti ya furaha kuu. Jana alikuwa ameuliza kama anaweza kuja na watoto wake watano wakae kwetu hadi likizo iishe, na anashukuru jinsi alivyokaribishwa haraka, tena kwa kicheko. Wameshapanda gari.

Mama aliusikiliza ujumbe huo mara mbili. Akairudisha simu ndani ya kitenge, akakaza fundo, akasema:

"Bon. Watalala kwa kitanda yako. We utalala na viazi."