Shahidi wa Droo

Muuzaji wa duka la bangi mjini Pueblo, ambako bangi ni halali, hapokei lawama kabla hajakigeuza kichupa cha mafuta ya bangi dirishani na kungoja kiputo cha hewa kipande. Mteja wake Verna alipombwagia chake, mafuta yakiwa meusi kama kahawa, vidole vya muuzaji vyenye rangi ya kucha iliyobanduka vilikigeuza vivyo hivyo.

“Umeniuzia feki, mwanangu! Mji mzima utajua.”

“Ulikiweka wapi, bibi?”

“Garini. Kwani?”

“Juani!” Akafungua droo, akatoa kichupa cha mzigo uleule, kimevikwa soksi ya kukinga mwanga, akaivua. Mafuta yaling’aa kama asali. “Joto na hewa vimeyala yako. Feki siuzi mimi!”

Foleni nzima ikashangilia. Verna akakinyooshea kidole kichupa cha droo. “Basi nipe hicho.”

“Hakiuzwi, bibi. Hiki ni shahidi wangu.”