Mashine yakataa vidole vya Akeno, mahakama yakubali kumsikiliza

Saa kumi na mbili asubuhi, Akeno Lomuria ameshaketi mlangoni pa nyumba yake Kanamkemer, mjini Lodwar, karai la maji kando yake. Ndani ya karai, majani ya mkoma yanalainika. Anachomoa moja, analipitisha kati ya vidole, analichana kwa ukucha. Kikapu kinaanza.

"Ejok," anasalimia bila kuinua kichwa. "Kaa. Lakini sisimamishi kazi juu ya gazeti."

Akeno ana miaka hamsini na minne, na amesuka vikapu kwa miaka thelathini na mmoja. Kazi hiyo imesomesha wanawe watatu, na imemla vidole. Ncha zake ni laini kama kipande cha sabuni kilichotumika. Mistari aliyozaliwa nayo haipo.

Jambo hilo halikumsumbua mtu hadi mwaka jana, ilipokuja kanuni mpya: mgonjwa wa bima ya umma hatibiwi kabla mashine haijamtambua kwa alama za vidole. Akeno ana presha na humeza dawa kila siku. Alikwenda zahanati mara saba. Mara zote saba, mashine iliwaka taa nyekundu.

"Yule wa mapokezi anasema, mama, osha mikono. Naosha. Anasema, paka mafuta. Napaka. Mara ya saba anasema, wewe hauko kwa mfumo. Na mimi niko mbele yake, nimesimama na miguu yangu!"

Baada ya miezi mitatu bila dawa, alianguka sokoni. Alipozinduka, kichwa chake kilikuwa mapajani mwa Rahmo Abdikafi, mfanyabiashara Msomali anayetoka Kakuma kuja kununua vikapu vyake. Rahmo hakuwa na pole nyingi. Alikuwa na hasira.

"Nilimwambia, dada, mimi nikipaka hina mashine inanikataa, hina ikiisha inanikubali," anasema Rahmo. "Wewe hina yako haitaisha. Twende kortini."

Mwenye nguvu mpishe, watu husema. Wanawake hawa hawakumpisha mtu. Rahmo, aliyeishia kidato cha pili, aliandika malalamiko kwenye karatasi mbili za daftari. Wakazipeleka Mahakama Kuu mjini Lodwar, kwa karani wa masjala aitwaye Chepchumba. Karani huyo hakuwacheka. Aliwaeleza kwamba Katiba inamruhusu mtu kudai haki yake kwa barua ya kawaida, tena bila kulipia ada, kisha akawaelekeza mahali pa kula kiapo.

Akeno hajui kuandika. Basi alifanya wanavyofanya wengi huku: alichovya kidole gumba kwenye wino, akakibonyeza chini ya jina lake kwenye hati ya kiapo.

Kabla ya kesi ya aina hii kusikilizwa, mahakama hujiuliza kwanza kama inafaa isikilizwe. Mlalamishi ameumia kweli? Kuna mlango mwingine aliopaswa kuubisha kwanza? Wakili wa serikali alisema mlango huo upo, ni kamati ya malalamiko iliyoko Nairobi.

"Malalamiko hupelekwaje huko?" jaji aliuliza.

"Kwa mtandao, Mheshimiwa."

"Na mtu huingiaje kwenye mtandao huo?"

Wakili alipekua karatasi zake kwa muda mrefu. "Kwa alama ya kidole, Mheshimiwa."

Ukumbi mzima ulicheka. Mwandishi huyu naye alicheka, akakaripiwa na askari wa korti.

Laiti wakili angeketi hapo. Lakini la kuvunda halina ubani. Aliinua hati ya kiapo ya Akeno juu na kusema kwamba alama iliyo chini yake ni doa tupu, haina mstari hata mmoja, na hakuna awezaye kuthibitisha kuwa ni ya mlalamishi. Akaomba kesi itupwe.

Jaji alivua miwani. "Wakili, hilo ndilo analolalamikia mama huyu."

Wiki mbili baadaye uamuzi ulitoka: Akeno ameonyesha kwamba ameumia, mlango wa Nairobi umefungwa kwa kufuli lile lile, na kesi itasikilizwa mwezi ujao.

Rahmo alipiga vigelegele hadi nje ya lango. Akeno hakupiga. Kanuni bado ipo, taa bado ni nyekundu, na bei ya kikapu kimoja kila wiki huishia duka la dawa.

"Watu wananiambia nimeshinda," anasema. "Nimeshinda nini? Korti imesema tu itanisikiliza. Sasa ndiyo nitaongea."

Wala hataongea peke yake. Ametuma ujumbe kwa wasusi wenzake wa Kaaleng na Namoruputh ambao mashine imewakataa pia. Kumi na mmoja wameahidi kuja. Wakili wa serikali amekwisha kuandika kwamba tatizo hili ni la mtu mmoja tu.

Akeno anakaza fundo kwa meno, kisha kwa mara ya kwanza asubuhi hii anainua kichwa.

"Nimewaambia wasipake mafuta. Wakuje na mikono vile iko. Na wino nitabeba mimi. Kila mmoja ataweka doa yake mbele ya jaji, halafu huyo wakili ahesabu."