Chupa Iliyolala na Taa

Mimi ni mtu asiyeshangazwa na kitu. Nimeona ziwa likipanda mpaka likaingia jikoni mwa watu. Nimeona tajiri wa maduka matatu akirudi kuuza dagaa wa omena kwa kopo. Nimeona jina langu mwenyewe likipakwa rangi juu ya mlango wa mashine ya kusaga, mimi niliyeacha shule darasa la tatu. Kwa hivyo nikisema kwamba niliwahi kushangaa mara moja, na kilichonishangaza ni chupa, msomaji akae vizuri.

Kabla ya mashine kulikuwa na chupa. Miaka ile ya kwanza baada ya Uhuru, kijana asiye na cheti ilimbidi abebe mizigo au akavue, na mimi sikupenda bosi wala maji ya kina kirefu. Nikaanza kuokota chupa tupu nyuma ya mabaa ya Kisumu na kwenye nyumba za reli, nikazibeba kwa gunia mpaka Dunga, nikazioshea pale ufuoni karibu na mafunjo. Walionicheka wakati ule baadhi yao wananisalimia leo kwa mikono miwili.

Aliyenifundisha kuosha ni shangazi yangu, dada ya baba. Alikuwa mpishi wa busaa, pombe ya nafaka, na busaa yake ilijulikana. Unga wa mahindi aliuchachusha mpaka ukauma pua, akaukaanga kwenye bati mpaka ukawa kahawia, kisha akautia maji na kimea cha wimbi. Wengi walikunywa palepale kwake, lakini watu wa reli walitaka kubeba, na wa kubeba anahitaji chupa.

Kuosha chupa ni kazi yenye akili, wasikudanganye. Kwanza unatia mchanga mkavu, ule wa chembe kubwa, na vijiwe vidogo kama punje za mahindi, na maji kidogo tu. Unaziba mdomo kwa kiganja na kutikisa. Mpaka leo nikisikia mtoto akichezea kokoto ndani ya mkebe, narudi Dunga moja kwa moja, jua mgongoni, wanawake wakipara samaki kando yangu na kunitania kwamba nimepata manyanga ya kuwachezea. Baada ya mchanga, majivu. Baada ya majivu, maji yaliyochemka, unayatia pole pole chupa isije ikapasuka. Halafu unazisimamisha kichwa chini kwenye vijiti, jua la Kisumu limalize kazi. Mwisho kabisa, pua.

"Weka pua," shangazi alikuwa akisema. "Macho yanadanganywa na kioo. Pua haina adabu, itakwambia ukweli."

Na juu ya chupa zilizowahi kutiwa mafuta ya taa alikuwa na neno moja tu: "Hiyo usiguse. Hiyo ilishaolewa."

Basi nikapata mchumba. Alikuwa akija Kisumu na mama yake kuuza viazi vitamu kutoka Pap Onditi, na siku ya kwanza aliniuliza kama kwetu tunaoga kwa busaa. Nikajua huyu ndiye. Baba yake aliposema nije nionekane, desturi ilitaka pombe, na pombe yenyewe huenda kwa mtungi. Lakini mimi nilikuwa mtu wa Kisumu. Nikaamua kupeleka kreti nzima ya chupa, zinazong'aa kama zimetoka kiwandani, kila moja imezibwa kwa kipande cha gunzi la mahindi, maana busaa hupumua na ukiifungia kabisa inapasua nyumba yake.

"Watu wa kule wanakunywa kwa mtungi," shangazi alisema.

"Waya," nikamjibu, maana ndivyo tunavyomwita shangazi, "wacha niwaonyeshe Kisumu."

"Wanaijua Kisumu. Hawakujui wewe."

Nilisafiri na baba mdogo, mzee wa maneno mengi, ndiye wa kunisemea. Barabara ilikuwa mashimo matupu. Tuliposhuka Pap Onditi nikakuta chupa moja imepata ufa shingoni na inavuja. Kreti yenye shimo katikati sikuweza kuivumilia.

"Omera, ndugu yangu, acha pengo," baba mdogo akasema. "Hata mimi nina pengo mdomoni na nimeoa mara mbili."

Sikumsikia. Nikaenda kwenye duka, nikapewa chupa ambayo mwenye duka aliapa ilikuwa ya soda. Pale kwenye kibanda cha chai nikaomba maji moto, nikasuuza mara moja, nikaitazama kwenye jua, ikang'aa. Nikahamishia busaa ndani. Nilikuwa nimekaa juu ya injini ya basi tangu asubuhi, puani hakukuwa na kitu ila dizeli na vumbi, lakini kioo kilikuwa safi.

Mzee, baba wa binti, alitupokea vizuri. Aliinua chupa moja akaitazama dhidi ya mwanga wa mlango, akawapitishia ndugu zake, nao wakaitikia kwa vichwa. Nikakaa wima. Niliambiwa kwamba mwalimu mmoja wa shule ya karibu naye alishatuma watu kwa ajili ya binti yule, na nikawaza, mwalimu ana chupa kama hizi?

Halafu mzee akaita mtungi.

"Chupa zako nzuri, kijana," akasema. "Lakini hapa kwetu mtu hanywi kivyake kama mgonjwa wa dawa."

Zikamiminwa zote, moja baada ya nyingine, mpaka ya mwisho. Wakaongeza maji moto, kama inavyotakiwa, wakachomeka mirija yao mirefu na kuinama pamoja. Maji moto yalikuwa yameyaamsha mafuta. Niliona mirija ikitoka midomoni, mmoja, mwingine, wa tatu. Hakuna aliyetema. Ingekuwa afadhali wangetema.

Mzee alipangusa midomo. "Pombe yako imelala na taa."

Baba mdogo, mtu wa maneno, alikuwa anatafuta viatu vyake.

Mimi sikukimbia. Niliinuka nikazinusa chupa tupu mbele yao wote mpaka nikaipata, nikaiweka mbele ya mzee. Aliichukua akainusa, akanusa na nyingine nne.

"Nani aliosha hizi?"

"Mimi, baba."

"Na hii?"

"Mimi."

"Hizi umeosha. Hii umesuuza." Akanirudishia. "Uilete ikiwa imejaa na hainuki, pamoja na mbuzi wa kuosha midomo ya ndugu zangu. Kabla ya mavuno ya mtama. Yakipita, mwalimu anangoja."

Nikiondoka, binti alikuwa kwenye ua akianika nguo. Hakunitazama. "Osha," alisema. "Mimi siwezi kukaa na mwalimu wa kunisahihisha kila nikisema."

Niliosha. Mchanga, majivu, maji ya kuchemka, majani ya ndimu. Nikarudi Pap Onditi na chupa imejaa busaa. Mzee akanusa, akatikisa kichwa. Nikarudi tena, akatikisa tena, na mtama ulikuwa umeshaanza kuwa mwekundu. Wateja wangu wa chupa walienda kwa wengine maana sikuwa na siku ya kuwaoshea. Mwisho shangazi alinionea huruma. Alichoma mabua ya maharagwe, majivu yake ni makali yanakula hata vidole, akayatilia maji, akanijazia chupa na kuniambia niilaze juu ya bati la nyumba. Kila jua likizama nilimwaga, nikajaza machicha ya busaa yachachuke ndani, asubuhi nikamwaga, nikaanza upya. Ndipo siku moja nikaweka pua nikakuta hakuna kitu. Hewa tu. Nikakaa chini kwa mshangao.

Mzee naye alinusa muda mrefu, akawapa ndugu zake wanuse, akaimimina mtungini mwenyewe, wakainama. Mirija haikutoka.

"Sasa umeosha," akasema, na akamwita binti aje.

Chupa ile tunayo hadi leo. Mama watoto aliitia mafuta ya taa wiki ileile alipofika kwangu, akasema chupa safi hivyo ndiyo inayofaa kwa kazi hiyo. Wakati ule chupa tupu nilikuwa nauza senti thelathini. Hiyo moja, ukihesabu mbuzi, nauli, pombe na siku nilizokosa kuuza, ilinigharimu shilingi mia moja arobaini na moja na senti sitini.