Wafalme wa Thebe kwenye Baraza la Shangazi

Upo ukoo mmoja wa kifalme ninaoupenda kana kwamba nimeolewa humo. Ni ukoo wa wafalme wa Thebe, mji wa hadithi za kale za Wagiriki. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari hapa Ifakara, na ukoo huo haumo katika mtaala wangu. Huwa nauchora ubaoni Ijumaa, kipindi cha mwisho, joto linapokuwa limewalegeza wanafunzi na hakuna kingine kitakachoingia vichwani mwao.

Naanza na babu wa kwanza, juu kabisa. Alikuwa kijana aliyetumwa na baba yake kuvuka bahari kumtafuta dada yake, ambaye alikuwa amechukuliwa na fahali. Hakumpata. Miungu ikamwambia aache kutafuta, amfuate ng'ombe mmoja jike, na pale atakapolala ajenge mji. Nikifika hapo wanafunzi wa Kisukuma hucheka, maana wazee wao nao waliingia bondeni humu wakiwa nyuma ya ng'ombe. "Mwalimu, huyo ni wa kwetu kabisa," mmoja aliniambia, na darasa zima likaamka.

Yule kijana akaua joka lililolinda chemchemi. Akang'oa meno yake, akayapanda kama mtu anayepanda mpunga, na ardhini wakaota watu wenye mikuki. Wakapigana wao kwa wao hadi wakabaki wachache, na hao wachache ndio wakawa wazee wa mji wa Thebe. Mfalme akaoa binti wa miungu, akazaa mwana, mwana akazaa mjukuu, mjukuu akazaa kitukuu. Nachora mistari, nawauliza wanafunzi nani amwite nani babu, nani amwite nani baba mdogo, na wanajibu vizuri, kwa sababu mtoto wa bonde hili anajua kuhesabu ndugu kabla hajajua kuhesabu kwa vidole. Wanaposhindwa ni pale chini, kwa mwana wa kitukuu. Hapo hata mimi chaki hunisita mkononi.

Sikuwahi kufikiri kwamba hadithi hiyo ingekuja kunifaa kitu nyumbani.

Mwaka juzi binti wa kaka yangu, ambaye ni muuguzi, alipata mchumba. Kijana ni fundi wa mashine za kukoboa mpunga, mzaliwa wa Mofu, mpole, mikono yake haitoki pumba. Mshenga alikwenda Michenga kwa shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, kwa kuwa kwetu posa haipokelewi mpaka shangazi huyo aulize maswali yake. Aliuliza ukoo wa mama wa kijana, akajibiwa. Aliuliza mwiko wao, akajibiwa. Akauliza ukoo wa baba, mshenga akaangalia miguu yake.

Baba wa kijana alifika Mofu peke yake, na wavu wake na mfuko mmoja wa nguo. Alisema tu kwamba anatoka juu ya mto. Akaoa pale pale, akazaa, na homa ikamwondoa kabla mtoto hajaanza kutambaa. Mama naye alifariki baadaye, mtoto akalelewa na bibi mzaa mama. Zaidi ya hapo hakuna aliyejua lolote.

Shangazi akairudisha posa. Wanaume wa ukoo wetu wamekuwa wakienda kuvua Mofu tangu enzi za baba yake, akasema, na hawezi kumwoza binti bila kujua kama hamwozi kwa kaka yake.

Binti alinijia nyumbani macho yamevimba. "Shangazi, mimi siolewi na marehemu. Naolewa na huyu aliye hai."

"Najua, mama."

"Basi nenda ukamweleze bibi. Wewe unajua kueleza. Akikataa tena, tutakwenda bomani sisi wawili tu, tuandikishe ndoa. Na sherehe yenu mtajichezea wenyewe."

Alisema kwa hasira, lakini hakuinuka kwenda huko bomani. Katika ukoo wetu hakuna binti aliyewahi kuolewa bila shangazi huyo kumshika mkono. Alikuwa anaitaka ndoa, na alimtaka na bibi yake. Ilionekana lazima apoteze kimoja.

Nilimkuta shangazi barazani, ungo mapajani, anapepeta mchele.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umetumwa."

"Nimekuja kukusalimia."

"Mtu wa Ifakara apande bodaboda mpaka Michenga katikati ya muhula, kisa salamu! Kaa. Pokea ungo huu, chagua mawe huku unadanganya."

Nikachagua mawe. Sikutaja posa. Yeye ndiye aliyeuliza siku hizi nafundisha nini, nami kwa mazoea tu nikaanza na yule ng'ombe. Shangazi ni msikilizaji wa aina ninayoitamani darasani: hakatizi hovyo, lakini usipoeleza jambo sawasawa anakurudisha nyuma. Tukashuka kizazi kwa kizazi mpaka kwa kitukuu wa yule babu. Huyo alitabiriwa kwamba mwanawe mwenyewe atamuua. Mtoto alipozaliwa wakamtoboa vifundo vya miguu, wakampa mchungaji akamtupe mlimani. Mchungaji akamwonea huruma, akampa mwenzake wa nchi ya pili, na huko mtoto akalelewa katika nyumba ya mfalme mwingine, akidhani ndiye baba yake.

"Hawakumwambia?" shangazi aliuliza.

"Hawakumwambia. Akakua. Siku moja njia panda akagombana na mzee mmoja juu ya nani ampishe nani, akampiga, akafa. Alikuwa baba yake. Akaendelea na safari mpaka Thebe. Getini palikuwa na dude lenye uso wa mwanamke na mwili wa simba, linatega kitendawili, na anayeshindwa linamla. Ni kiumbe gani asubuhi hutembea kwa miguu minne, mchana miwili, jioni mitatu?"

"Mtu," alisema shangazi, bila kuinua macho kutoka kwenye mchele. "Na fimbo yake. Hilo ndilo lililokuwa linamaliza watu?"

"Ndilo."

"Mji wa wajinga. Endelea."

"Naye akajibu hivyo hivyo, dude likafa. Watu wakafurahi, wakampa ufalme, na wakamwoza mjane wa mfalme."

Mikono yake ikasimama. "Mama yake."

"Mama yake. Wakazaa wavulana wawili na wasichana wawili."

Midomo yake ilikuwa inahesabu. "Sasa hao wasichana wanamwitaje? Baba? Au kaka? Na yule mama ni bibi yao pia." Akatikisa kichwa kama mtu aliyeonja kitu kichungu. "Subiri. Mji mzima, wazee wale waliotoka kwenye meno ya joka, hakuna hata mmoja aliyemwuliza yule kijana ukoo wake?"

Sijawahi kuulizwa swali hilo na mwanafunzi yeyote, na nimelipenda tangu siku ile. "Hakuna, shangazi. Walikuwa na furaha."

"Na mke? Makovu ya miguu hakuyaona?"

"Haisemwi."

"Unaona sasa! Halafu mnaniita mkorofi."

Nikadhani nimeiua posa kwa mdomo wangu. Lakini alikuwa bado anataka mwisho, nami nikampa, na ni mwisho huo unaonifanya niwaheshimu watu wale. Ugonjwa uliingia mjini, ikasemwa kwamba umeletwa na mwuaji wa mfalme wa zamani. Mfalme akaanza kuuliza. Kila jibu lilimsogelea yeye mwenyewe. Mke wake akatambua kwanza, akamsihi aache, asiulize tena. Akakataa. Akaagiza aletwe yule mchungaji mzee aliyembeba akiwa mtoto, na mchungaji alipokataa kusema, mfalme akamlazimisha aseme. Alipojua, akajitoboa macho. Na binti yake mkubwa hakumkimbia. Alimshika mkono, akawa fimbo ya baba yake njiani mpaka mwisho wa safari.

Shangazi alijifuta jicho kwa pembe ya kitenge, akasingizia vumbi la mpunga. "Huyo ni mwanaume," alisema. "Alipoambiwa aache kuuliza, hakuacha. Na binti yule, ningemwoza popote." Kisha akanigeukia. "Na sisi mchungaji wetu yuko wapi?"

"Mchungaji gani?"

"Aliyekuwepo, mwanangu! Mimi nimeuliza ukoo, nikaambiwa hatujui, nikafunga mlango. Yule mfalme hakuishia hapo. Alitafuta mtu aliyekuwepo. Nani alikuwepo Mofu yule mvuvi alipokuwa hai?"

"Bibi wa kijana."

"Basi kesho uniletee hiyo bodaboda yako."

Bibi wa Mofu alitupokea uani, kati ya samaki waliokuwa wanakaushwa juu ya chanja. Ni mwanamke mwembamba, mcheshi, ila siku ile alikaa mbali kidogo, kama mtu anayesubiri kuhukumiwa. Shangazi aliuliza alichomwuliza mshenga, na jibu likawa lile lile. Mkwe wake alikuwa mkimya. Juu ya mto, basi.

"Alipokufa walikuja ndugu zake?" shangazi aliuliza.

"Nani angewaita? Tulimlilia sisi."

"Sawa. Wa kulia mlikuwa nyie. Na wa kucheka?"

Ambaye kwao hawana utani huenda swali hili likamshangaza. Kwetu kila ukoo una watani wake. Siku ya msiba, wakati ndugu wa marehemu wanalia, mtani anafanya vituko: anavaa nguo za marehemu, anaiga mwendo wake, anamtukana kwa uvivu, hata analala kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe kuku. Hakuna anayemkasirikia. Ndiye anayewafanya wafiwa wapumue. Ila ndugu wa damu hawezi kuifanya kazi hiyo. Anayecheka kaburini si ndugu wa aliyelala humo.

Bibi wa Mofu aliweka mkono shavuni. Kisha taratibu uso ukafunguka.

"Alikuwepo mmoja! Mwuza chumvi na sabuni, wa baiskeli. Alipitia tu na biashara yake, akasikia kilio, akatupa baiskeli chini. Akachukua kofia ya marehemu, akaivaa, akaingia kaburini na wavu, akawa anavua humo! Anatuuliza, 'Mbona hawa kambale hawaji? Au wanamjua huyu kwa uvivu?' Binti yangu alikuwa mjane wa siku ile, akacheka mpaka akakaa chini."

Shangazi akamsogelea. "Baiskeli ilikuwaje?"

"Mbovu. Kengele hakuna. Alikuwa anapiga mluzi badala ya kengele."

"Mluzi wa ndege," alisema shangazi.

"Wa ndege! Unamfahamu?"

"Ni kaka yangu."

Alikuwa baba yangu mdogo, ambaye naye tumeshamzika. Maisha yake yote alizunguka kambi za wavuvi na chumvi yake, akijuana na kila mtu, na wavuvi wakimya walimwambia yeye mambo wasiyowaambia wake zao. Kama aliingia kaburi lile akavua kambale, basi alijua aliyelala humo ni wa ukoo wa watani wetu. Kwa ndugu asingethubutu. Ukoo wa watani wetu ni mmoja tu, na kuoana nao hatukatazwi. Wazee wetu wameoana nao tangu zamani.

Wanawake wale wawili walishikana mikono juu ya chanja la samaki. Mmoja alikuwa amempata kaka yake tena kwa muda mfupi, mwingine amempatia mjukuu wake baba. Mimi nilibaki nawatazama tu, nikimfikiria mchungaji wa Thebe, ambaye jibu lake liliangusha nyumba nzima, na nikifurahi kwamba swali la namna ile ile linaweza pia kujenga.

Mshenga aliitwa tena. Safari hii kijana alikuja naye, amevaa shati jeupe, kucha amezisugua. Sebuleni kwa shangazi tulikuwa tumejaa. Kijana akapiga goti.

"Shikamoo, bibi."

Shangazi hakuitikia. Alimwangalia kutoka kichwani hadi miguuni. "Nani amemwingiza huyu? Mbona ananuka matope? Nyie si ndio ukoo ule wa walala mitumbwini? Babu yako alinyang'anywa samaki na kenge, akaishia kumwamkia!"

Binti yetu akashika mkono wangu kwa nguvu hadi ukauma. Yeye amekulia mjini, alidhani bibi yake amegeuza maneno. Kijana naye aliganda, goti chini. Tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kumtukana kwa ukoo wa baba yake, kwa kuwa hakuna aliyeujua. Alitugeukia mmoja mmoja. Hakuna aliyemsaidia, na isingefaa asaidiwe: mtani hujibu utani mwenyewe. Nyuma ya mlango bibi yake wa Mofu alikohoa, kikohozi cha mtu anayesema, "Haya."

Kijana akasimama, akajifuta goti.

"Ndiyo, bibi," alisema. "Ni sisi. Na nyie ndio wale mliokula mbegu ya mpunga wakati wa kupanda, mkaja kwetu usiku kuomba makapi."

Shangazi akaachia kicheko kilichomfanya ashike ubavu.

"Makapi! Jamani, mmemsikia? Makapi!" Alijipangusa macho, akapigapiga mkeka ili kijana aketi karibu yake, na akamgeukia mshenga, aliyekuwa bado amesimama mlangoni hajui ashike wapi. "Na wewe ingia ndani, baba. Lete maneno yako."