Likishika, Urudi

Watu wakiniuliza habari za upasuaji wa kuwekewa titi la bandia, huwa nawajibu kwa ukali wasioustahili. Nawaambia: kabla ya yote, uliza likiharibika utakwenda kwa nani, na njia ya kwenda huko itakuwa wazi mpaka lini. Wanadhani natania. Wao wanataka kujua kama linauma, kama kovu huonekana, kama mume akiligusa atajua. Dada yangu aliuliza hayo yote, akajibiwa yote vizuri.

Dada alikuwa mtoto wa kwanza wa mama yetu, mimi kitinda mimba. Nyumbani kwetu ni Masama, katikati ya migomba na kahawa, lakini yeye aliolewa Moshi mjini na fundi wa reli, mtu wa Tabora, mpole kupita kiasi. Katikati ya miaka ya sabini aliona uvimbe kwenye titi la kushoto. Hospitalini Moshi wakamwambia ni saratani, wakaliondoa titi lote, wakasema wanatumaini wameiwahi. Sina neno nao.

Alipopona kidonda ndipo balaa jingine lilipoanza. Dada alikuwa mwanamke wa kujipenda. Alishona gauni zake mwenyewe, na gauni hukaa juu ya vitu viwili, si kimoja. Kwanza alijaza sidiria kitambaa, kikawa kinapanda mpaka karibu na shingo kila akiinama kuchota maji. Kisha akashona kifuko, akakijaza ulezi, kwa kuwa ulezi ni mzito na hutulia mahali pake. Hilo lilifaa, mpaka msimu wa masika alipokuja Masama kumsaidia mama kupalilia, akanyeshewa mchana kutwa, akalala na nguo kifuani kwa sababu aliona aibu kuvua mbele yetu. Siku mbili tatu baadaye tukaanza kusikia harufu. Ulezi ulikuwa umeota. Kwetu ulezi unaoloweshwa ukaota ndio kimea cha kutengenezea mbege, na mama, ambaye hakujua kunyamaza, akasema, "Mwanangu, umeanza kupika pombe kifuani?"

Tulicheka sote. Dada alicheka kuliko sisi, kisha kicheko kikageuka, akalia hadi akashindwa kusimama. Alisema haogopi kufa, anaogopa kuishi hivi. Nilimkasirikia kwa maneno yale. Nilikuwa msichana, nina matiti yangu mawili, ningejua nini?

Shemeji ndiye aliyesikia kuwa Nairobi kuna daktari Mzungu anayeweka matiti ya bandia. Enzi hizo reli ilikuwa moja, ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mfanyakazi wa reli alikwenda Nairobi kama mtu anavyokwenda kwa mjomba. Wakaenda, tena hawakukurupuka. Dada alikaa huko majuma kadhaa, akarudi amevaa gauni la bluu lililombana, na mbele limejaa pande zote mbili sawasawa.

Alinionyesha chumbani. Alisema ni mfuko wa kitu kama mpira laini, ndani yake kuna uji mzito usiomwagika, na umeingizwa chini ya ngozi na nyama ya kifua. Chuchu haikuwepo, ni kovu tu lililopita kwa mshazari. Nilibonyeza kwa kidole, kikazama, kikarudi. Nikamuuliza wamemwambia nini. Akasema daktari aliongea Kiingereza kirefu sana, na muuguzi, mama mmoja wa huko, akamfupishia kwa Kiswahili: asibebe ndoo kwa muda, akiona homa au wekundu au usaha aende hospitali mara moja, asidhani mfuko ule ni wa maisha yote, na la mwisho, "Titi tumekupandikiza. Likishika, urudi."

Hayo maneno mawili ndiyo yaliyotumaliza.

Mimi nafundisha Kiswahili shule ya msingi. Kila mwaka husimama mbele ya ubao nikawaeleza watoto kwamba hiyo "ki" ina kazi zaidi ya moja. "Mvua ikinyesha tutapanda" yaweza kuwa sharti, kwamba huenda isinyeshe. Yaweza pia kuwa wakati, kwamba itanyesha tu, tungoje. Yule muuguzi, naamini kabisa, alisema sharti. Alisema: kama likikukaza, kama likiwa gumu, usikae, rudi tukuone. Lakini dada ni mtoto wa kahawa. Kiswahili cha mama yetu, na chetu cha utotoni, kililetwa na bwana shamba, na bwana shamba alitufundisha kupandikiza miche. Unauchimbua mche kitaluni, unaupandikiza shambani, unaufunika na majani ya mgomba, unaomba Mungu. Asubuhi moja unauvuta kidogo, unakuta hauji. Hapo unasema umeshika. Hakuna neno tamu kuliko hilo kwa mwenye kihamba, shamba la ukoo linaloizunguka nyumba. Sasa mtu kama huyo umwambie tumekupandikiza, likishika urudi, atasikia nini? Atasikia: likishakubali mwilini, njoo tulione, tufurahi pamoja.

Kabla ya mwaka kwisha Jumuiya ikavunjika. Reli ikagawanywa, shemeji akaambiwa yeye sasa ni wa upande huu, na mpaka ukafungwa. Holili, ambako watu walivuka kwenda sokoni na kurudi na sukari kichwani, pakawekwa walinzi. Wakubwa wa pande zote mbili walikuwa na sababu zao, na redio ilitusomea kila jioni. Hakuna redio iliyosema kwamba kuna watu wana shughuli ng'ambo ya pili ambayo haijaisha.

Titi likaanza kuwa gumu karibu na wakati huohuo. Dada alikuja nyumbani kwa ubatizo wa mtoto wa jirani, akamwambia mama kwamba halizami tena kidole. Mama akanawa mikono, akaingiza mkono ndani ya gauni pale pale jikoni, akalishika, akalitikisa kidogo kama anavyotikisa mche. Halikuja. Uso wake wote ukafunguka.

"Limeshika!" alisema. "Mungu ni mwema. Limeshika, mwanangu."

Akapiga vigelegele, wanawake waliokuwa wakimenya ndizi wakaitikia bila kujua wanashangilia nini, nasi tukaitikia. Dada akasema, basi ameambiwa likishika arudi, ila mpaka umefungwa. Mama akamwambia asiwe na haraka, jambo jema halina haraka, mpaka utafunguliwa, naye atakwenda. Hata shemeji, aliyezoea kuhangaika na kila kitu, alitulia siku hiyo akanywa mbege.

Huwa nasikia watu wakisema kuuliza si ujinga. Kweli, lakini ili uulize ni lazima kwanza ujue kwamba hujui. Sisi tulijua. Tulikuwa na hakika.

Ugumu uliendelea. Titi likapanda juu kuliko mwenzake, likawa duara kama chungwa. Likaanza kuuma akilala ubavu. Dada alivumilia, maana mche ukishika si hukaza mizizi? Aliyasema hayo mwenyewe. Alipokuja kwenda hospitalini Moshi, mkono wa kushoto ulikuwa umevimba hata pete ikakatwa kwa msumeno.

Nilimsindikiza. Daktari alikuwa mtu wa makamo, mwenye sauti ya chini. Alimpapasa kwa muda mrefu, kifuani, kwapani, juu ya mfupa wa bega. Kisha akaketi, akauliza lilianza kuwa gumu lini. Dada akamwambia, tena kwa fahari kidogo, kwamba lilishika mwaka ule ule.

"Lilishika?"

Dada akamweleza. Daktari akamsikiliza mpaka mwisho, hakucheka. Akafunga ngumi yake ya kulia, akaizungushia kiganja cha kushoto.

"Mama, mwili ukiwekewa kitu ambacho si chake, hukijengea utando kukizunguka. Kwa wengine utando huo hukaa laini miaka mingi. Kwa wengine hukaza hivi." Akaibana ngumi. "Huko ndiko kuwa gumu. Si kwamba limekubali. Mwili unalibana."

"Ndilo linaloniua?"

"Hapana. Na mfuko huo haukukuletea saratani, msiulaumu kwa hilo. Saratani imerudi yenyewe. Lakini nyuma ya kitu kigumu namna hii mkono wangu haufiki, wala wako. Aliyekuambia urudi alitaka akuone mapema, pengine angeligundua hili likiwa dogo."

"Pengine," dada akasema.

"Pengine," daktari akasema.

Sijapata kulichukia neno kama nilivyolichukia lile. Nilitaka aseme ndiyo, au aseme hapana.

Alisema kwa vifaa alivyonavyo hawezi kusema sana. Waliouweka mfuko ndio wanaojua ni wa aina gani na wameukalisha vipi, na huko kuna mashine za mionzi ambazo yeye hana. Kama tunaweza kufika, tufike. Shemeji akaazima gari dogo la mtu wa kiwandani, tukaondoka alfajiri kwenda Holili kujaribu bahati.

Hatukufika hata mpakani. Njiani palikuwa na kizuizi cha mgambo. Miaka ile kahawa ya mlimani ilikuwa na bei nzuri ng'ambo, na watu waliivusha kwa kila hila, ndani ya madumu, ndani ya majeneza, wanawake wakiifunga matumboni kama wajawazito. Basi mgambo wa kike akamshusha dada, akampapasa kutoka mabegani. Mkono ukagonga titi. Akaligonga tena, kwa vifundo vya vidole, kama mtu anayebisha hodi.

"Umeficha nini hapa, mama?"

"Hakuna kitu. Ni mimi."

"Wewe ngumu namna hii? Fungua."

Nikaanza kupiga kelele. Shemeji akanizuia. Dada akafungua vifungo, mwenyewe, pale barabarani, mbele ya lori lililosimama nyuma yetu, akamwonyesha kovu. Yule binti, maana alikuwa binti tu, rika langu, alitazama, kisha akavua kofia yake akamkinga nayo kifuani mpaka alipomaliza kufunga. Akasema kwa sauti ndogo, "Nisamehe, dada. Lakini rudini tu. Hata nikiwaruhusu mimi, mbele huko hawatawapokea."

Kulikuwa na njia za panya, kila mtu alizijua. Shemeji alisema atambeba mgongoni. Dada alikataa. Alisema amechoka kupapaswa.

Tulimrudisha Masama, kwa mama. Daktari alikuwa amesema hana la kukata tena: ugonjwa umeingia mapafuni, na kuutoa mfuko ni kumwongezea kidonda ambacho hakitapona. Mama alimpikia mtori wa ndizi kila siku, na kila siku aliumwaga haujaguswa. Hakusema tena neno kuhusu siku ya vigelegele. Nilijaribu mara moja kumwambia kwamba sote tulisikia vile vile, kwamba muuguzi angeweza kusema "kama". Akanitazama akauliza, hilo "kama" lina faida gani sasa? Mpaka leo nalifundisha, na sina jibu.

Dada alikufa wakati wa kiangazi, kahawa ikiwa imeiva. Alikuwa amekwisha hasa. Mikono ilibaki mifupa, mashavu yakaingia ndani, titi lake mwenyewe la kulia lilikuwa kama soksi tupu.

Tulimwosha sisi wanawake: mama, mimi na jirani mmoja mtu mzima. Tulipoondoa shuka, jirani akarudi nyuma. Kifuani pale, juu ya mbavu zinazohesabika, titi la kushoto lilikuwa limesimama. Duara, gumu, halikupungua hata kidogo. Dada alikuwa mkongwe kuliko mama, na lile lilikuwa titi la msichana.

Mama akaweka kitambaa chini.

"Kitoeni hicho," alisema.

Jirani akanitazama mimi.

"Nimesema kitoeni. Sikumzaa nacho. Hamtamlaza mwanangu kihambani na kitu cha watu."

Jirani akamwambia kwa upole kwamba haiwezekani, ingetakiwa kisu, na nani angeshika kisu? Mama akaweka kiganja juu ya lile titi, akalisukuma upande huu na upande ule. Halikusogea. Akabaki amelishika, akanigeukia mimi niliyesoma.

"Kitaoza?"

Nilijua hakiozi.

"Kitaoza, mama," nikamwambia. "Kitaoza pamoja naye."

Akaondoa mkono wake, akachukua kitambaa, akaendelea kumwosha.