Jembe Kwenye Silanga

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne nilipewa silanga niitunze, kama wenzangu walivyopewa wadogo zao wa kubeba mgongoni. Ilikuwa kidimbwi tu, kimechimbwa kwa mkono chini ya bustani ya nyanya yangu, karibu na Kendu Bay. Nyanya huyo, mama mzaa baba, sisi tulimwita Dana. Wakati wa masika nilifyeka nyasi kingoni na kufukuza mbuzi. Mvua zikipungua niliopoa ute wa kijani kwa ungo uliotoboka. Kiangazi, yakibaki matope, kazi yangu ilikuwa moja: kutofanya lolote.

"Usiweke jembe hapo," Dana alisema. "Kamongo amelala. Ukimwamsha ataondoka na maji yake."

Kamongo ni samaki mrefu kama nyoka. Maji yakikauka hujizika topeni akangoja mvua. Siku hizo wanawake wa kwetu hawakumla, hata kumgusa hawakutaka. Sasa mwambie mtoto kama mimi, asiyeweza kutulia hata kanisani, kwamba kuna kitu kinapumua chini ya miguu yake, na asikitazame.

Nilichimba mchana mmoja, wakubwa wakiwa sokoni. Nikauvunja udongo mweusi, mgumu kama chungu, nikafika kwenye mchanga mwekundu. Kamongo hakuwepo. Nikarudisha tope, nikatandaza majani juu, nikanawa miguu.

Mvua ikaja, silanga ikajaa, tukashangilia. Asubuhi ya siku ya tatu palikuwa na tope tu na vyura walioduwaa. Na sukuma wiki yetu yote, na saga, mboga yetu ya kienyeji, ilinyweshwa kutoka hapo.

Dana hakuniuliza mimi. Hilo ndilo linalonikera hadi leo. Alimgeukia mke wa baba yangu mdogo, Nyar Kegonga, yaani binti wa Kegonga, maana wake kwetu huitwa kwa walikotoka. Mkuria peke yake katikati ya Wajaluo. Silanga ilipojaa alikuwa amesimama kingoni akasema, "Maji haya ni mazuri, jamani." Kwetu kitu hakisifiwi hivyo hivyo. Mwenye jicho baya akisifu, kinaharibika, na dawa ni aliyesifu akitemee mate.

"Ingia katikati uteme," Dana alimwambia.

"Mama, kama mate yangu yanajaza silanga, mbona mnanituma mtoni kila siku?"

Wanawake wakacheka, kisha wakakumbuka kwamba wamekasirika.

"Tema!"

Aliingia, sketi ameishika juu. Katikati mguu wake ukazama hadi gotini. Akainama, akapapasa lile shimo kwa mkono, akainua kichwa akanitazama. Mimi nikatazama mbuzi. Akatema. Halafu akasema, kama mtu anayeagiza chumvi, "Sasa leteni udongo wa kichuguu. Na ng'ombe."

Kwao ndivyo walivyoziba mabwawa. Tulimwaga udongo ule, ng'ombe wakazungushwa humo siku mbili wakikanyaga na kunya, mpaka chini pakashikana kama sakafu iliyosiribwa. Mvua iliyofuata, maji yakakaa.

Nilishusha pumzi. Mapema mno. "Si mmeona?" wanawake waliambiana. "Ametema, yamerudi. Basi ni yeye." Mwanamke wa watu alitengeneza silanga, akajifunga kwa mikono yake mwenyewe. Tangu hapo alipopita, akina mama walifunika nyuso za watoto wachanga. Akionekana njiani watu wakila, sahani ziliingizwa ndani.

Na kila asubuhi alinikuta nikifyeka.

"Silanga yako haijambo?"

"Haijambo, mama mdogo."

"Na wewe?"

"Sijambo."

Alisimama kidogo, akiangalia maji, asiyasifu tena. Kisha akaenda zake na mtungi. Hivyo hivyo, masika, kiangazi, mpaka nilipoolewa nikaondoka. Kila siku niliamka nikisema leo nitamwambia Dana, na kila jioni nikapata sababu.

Siku hizi nina silanga yangu huku Macalder. Kila masika nazibua mfereji, kila kiangazi nailinda. Wachimba dhahabu wakija na karai zao kuosha mchanga humo, nawafukuza kwa maneno ambayo pasta wangu hajayasikia. Bwana samaki, yaani afisa wa uvuvi, alikuja akanieleza kwamba udongo wa mfinyanzi ukitobolewa chini, maji hupotea. Nikamwambia najua. Akaniuliza nilisomea wapi.

Mwaka jana nilienda Kegonga. Nyar Kegonga alirudi kwao alipofiwa na mume, na nilichelewa, alikuwa ameshazikwa. Nilimkuta binti yake. Akanipa uji, nikamweleza yote, na jembe, na majani niliyotandaza.

"Mama alijua," akasema. "Alisema yule mtoto atasema mwenyewe."

Hakuniambia amenisamehe, na mimi sikumwomba.

Watu wa boma letu siwatukani. Waliamini walichofundishwa. Dana alilinda udongo ule kwa hofu, kwa sababu hofu ndiyo fensi aliyokuwa nayo, na alisema kweli: jembe liliingia, maji yakaondoka. Mimi ndiye sikuwa na kisingizio cha imani. Nilikuwa nimeuona mchanga kwa macho yangu. Kuchimba kulikuwa utoto. Kunyamaza mpaka nikaota mvi hakukuwa utoto tena.