Vitone Vyekundu vya Darajani

Kuna watu huku Majimoto wanajulikana kwa ng'ombe wao, wengine kwa mashine ya kukoboa. Makarius anajulikana kwa mavi ya tembo. Msicheke. Kwa miaka kumi na moja, kila Jumatatu na Alhamisi, huyu bwana alipita kandokando ya mto na daftari, penseli, na kile kidude cha kupimia mahali, kimefungwa ndani ya mfuko wa nailoni kisilowe. Akiona nyayo, anazipima kwa kamba. Akiona mavi, anayavunja kwa kijiti aone kama kuna punje za mpunga ndani. Kisha anabonyeza kidude, kinamtolea namba za mahali pale pale aliposimama, anaandika. Watoto walimwita Babu Mavi tangu hajawa babu.

Kazi hiyo alipewa na Dokta Upendo, mtafiti kutoka chuo kikuu, aliyetaka kujua tembo wa hifadhini wanapita wapi wakija kula mpunga wetu. Dokta alikuwa mtu wa watu, ugali alikula, misibani alifika. Lakini mtafiti ni mtafiti, na hao tunawajua. Wanakuja, wanakuuliza una watoto wangapi na nyama ya porini umekula lini, wanaandika, asanteni sana, hao, wamekwenda. Majibu hayarudi. Dokta naye alipomaliza akaondoka, akamwachia Makarius kidude aendelee kutuma namba. Kila mwenye hasira na watafiti akawa anazimalizia kwake, kwa sababu ndiye aliyebaki karibu.

Aliyeongoza kwa kumsema ni dada yake wa tumbo moja, Eufrazia. Huyu mama ni mjane, ana ekari tatu za mpunga pale Mkuyuni, kwenye kivuko, yaani mlangoni kabisa mwa tembo. Mwaka jana aliambulia magunia mawili. Ilipofika Desemba alikuwa analima kibarua kwenye mashamba ya watu ili ale, mama wa miaka hamsini na sita, mgongo wenyewe mbovu. Mwaka huu alisema wazi kwamba tembo wakipita tena, hapandi tena, atakwenda kuomba hifadhi kwa mwanawe kule Ilembo, akakae kwa mkwe kama mgeni.

"Mdogo wangu," alikuwa anamwambia Makarius, "umewahesabu wakija, umewahesabu wakirudi. Hao wakubwa zako wanasemaje?"

"Wanachambua, dada."

"Miaka yote hiyo? Hata mchele ungekuwa na mawe gunia zima, si wangekuwa wamemaliza?"

Basi Januari mwaka huu majibu yakarudi. Ndiyo, yalirudi! Alikuja kijana mmoja mtaratibu, Deogratias, ofisa wa mradi mwenye ofisi yake Mpanda, akamwomba mwenyekiti aitishe watu ofisi ya kijiji. Akatandaza ramani kubwa mezani. Akasema mradi umesoma utafiti wa Dokta, umeuelewa, na sasa unaleta mizinga arobaini ya nyuki. Itafungwa kwenye waya, nguzo hadi nguzo, mahali tembo wanapovukia, maana tembo anamwogopa nyuki kuliko anavyoogopa bunduki. Watu walipiga makofi. Eufrazia alipiga vigelegele. Makarius akaitwa mbele, akaambiwa ajionee kazi ya miguu yake.

Akainama. Ramani ilikuwa na vitone vyekundu, kila kitone ni tembo mmoja aliyevuka. Akatafuta Mkuyuni, akakuta vitone vya kuhesabu kwa vidole. Kumbe vimejaa Darajani, vimebanana mpaka vimekuwa kidonda.

"Kwa hiyo mizinga tunaifunga hapa Darajani," Deogratias alimwambia, vigelegele bado vinaendelea nyuma yao.

Makarius alipandwa na hasira papo hapo. Mpumbavu gani kachora hivi? Tembo gani anapita darajani, juu ya simenti, na pikipiki zinapishana? Toka darajani hadi Mkuyuni ni kilometa mbili za tope! Akafungua kinywa aseme, macho yakaangukia maandishi madogo pembeni, mwezi na mwaka. Aprili, mwaka wa mafuriko. Akakifunga.

Aprili ile mto ulijaa, maji ya Mkuyuni yakafika kifuani. Mpunga wake mwenyewe ulikuwa unaiva na kwelea kwelea wameshuka. Sasa huku kwetu, msimu wa ndege hakuna anayeacha shamba toka alfajiri hadi jua linazama. Ukiliacha lako, ndege wanashibia kwako, wanamalizia kwa jirani, na jirani hakusahau mpaka unaingia kaburini. Mke wake Agatha alikuwa na mapacha wa wiki mbili, hawezi kukimbizana na ndege. Makarius akafanya hivi: anaruka na baiskeli hadi darajani, anawauliza akina mama wanaotoka ng'ambo jana wamepita tembo wangapi, anaandika idadi, anabonyeza kidude akiwa amesimama juu ya simenti, anarudi mbio kwenye ndege wake. Wiki tatu nzima. Na ndiyo wiki ambazo tembo walivuka wengi kuliko miaka yote, ndiyo maana ramani ikachorwa kwa mwezi ule.

Idadi haikuwa ya uongo. Akajiambia, si ni huko huko tu? Nani asiyejua kwamba tembo wanavukia Mkuyuni? Hata mtoto anajua. Haikumjia akilini kwamba siku moja karatasi ile itasomwa na mtu asiyejua.

Hakusema kitu siku ile. Aliogopa, basi. Wiki iliyofuata akapanda basi hadi Mpanda, akakaa kwenye benchi la ofisi kutwa nzima mpaka Deogratias akatoka kwenye semina.

"Ofisa, ile mizinga ipelekeni Mkuyuni. Tembo wanavukia kule."

"Mzee Makarius, ramani inasema Darajani."

"Ramani haijawahi kulala Majimoto! Mimi nimeishi pale maisha yangu yote."

"Naelewa, mzee. Lakini mpango umepitishwa kwa ramani hii. Na takwimu ni zako mwenyewe, jina lako liko ukurasa wa kwanza. Unapinga kazi yako?"

Makarius akageuka kuondoka. Angesema pale pale yangekwisha, mizinga ilikuwa bado iko stoo. Hakusema. Alirudi Majimoto amenuna, anawalaani watu wa ofisini njia nzima, na kila tusi alilowatukania alijua linarudi kwake.

Februari mizinga ikafungwa Darajani, imepakwa rangi ya manjano, mizuri kweli. Nyuki wakaingia. Mpunga wa Eufrazia ukastawi kuliko miaka yote. Akawa kila akikutana na mtu anamtukana aliyechora ramani, kwamba ni kichwa maji, kwamba hajawahi kuona shamba, kwamba mama yake alimlea kwa chipsi. Makarius anasikiliza, anaitikia, "Kweli, dada."

Mwishoni mwa Machi ukaitwa mkutano. Deogratias alikuja kuona maendeleo. Eufrazia alisimama kabla hajaruhusiwa.

"Ofisa, nyie watu mna macho? Mmeweka nyuki walinde daraja, daraja linaliwa na nani? Nionyesheni huyo aliyeandika kwamba tembo wanapita pale. Mleteni hapa nimwone sura yake!"

Watu wakacheka. Deogratias akamtazama Makarius. Makarius akaona haya mpaka masikio yakawaka.

Akasimama. "Ni mimi, dada."

Akaeleza yote, mafuriko, ndege, mapacha, simenti. Kicheko kikakatika. Mtu mmoja nyuma akasema, "Ebo!" Eufrazia alibaki amesimama, mkono bado uko juu.

"Ofisa," Makarius akasema, "kosa ni langu, nifukuzeni. Ila mizinga ihamisheni kesho. Mpunga umebakiza wiki mbili tu kuiva."

Sasa sikilizeni mambo ya hawa watu. Deogratias aliandika, akaandika, akafunga daftari. Akasema anashukuru kwa ukweli. Lakini kama namba za Aprili ile zina kasoro, basi za miaka yote kumi na moja zina mashaka. Mradi hauwezi kuhamisha mizinga kwa neno la mdomo, wala kwa namba zisizoaminika. Utafanyika utafiti mwingine, mwaka ujao bajeti ikiruhusu. Hadi hapo mizinga isiguswe, ni mali ya mradi. Na kidude akakiomba.

Yaani alipodanganya waliamini, wakajenga. Aliposema kweli, wakasimamisha! Makarius alitamani kupasuka. Alizungusha macho kwenye mkutano akitafuta wa kumtetea, akaona watu wanatazama chini. Akatoa kidude kwenye mfuko wake wa nailoni, akakiweka mezani.

Eufrazia alipita karibu naye akitoka. Hakumtukana. Afadhali angemtukana.

Kwa wiki mbili Makarius alikwenda Mkuyuni kila siku na debe bovu la kupiga na pilipili za kuchoma, tembo wakimbie kelele na moshi. Dada yake akimwona anahamia upande wa pili wa shamba. Siku ya kumi na tatu mvua ilinyesha kutwa, moto haukushika, akarudi nyumbani.

Asubuhi alikuta nusu ya ua wa miti imelala. Mpunga ulikuwa umekandamizwa kwenye tope, pale walipokula pamekuwa peupe kama uwanja wa mpira. Kutoka mtoni nyayo zilikuwa zimepanda moja kwa moja kwenye kivuko, kubwa, zimejaa maji. Eufrazia alikuwa amechuchumaa katikati, anaokota masuke yaliyobaki anayatia kwenye beseni.

Makarius akavua ndala, akaingia, akachuchumaa aokote.

"Acha," Eufrazia akasema. Ndilo neno la kwanza tangu mkutano. "Hiyo si kazi yako. Kazi yako ni kuhesabu. Hesabu."

"Dada..."

"Hesabu, Makarius! Na simama hapo hapo walipopita. Safari hii usiniandikie darajani."

Makarius akasimama. Hakuwa na daftari, hakuwa na kidude. Akaenda hadi kwenye kivuko, akarudi akifuata nyayo moja moja, akizipima kwa kiganja, huku dada yake anaokota na hamtazami.

"Tisa," akasema kwa sauti. "Wawili ni watoto. Wamevukia Mkuyuni."

Hakuna aliyeandika.